Bwawa Lililopata Asilimia Mia

Nchi ninayoisimulia iko mbali sana. Ukiona ofisi zake na wakubwa wake wanafanana na wa kwenu, ni uchovu tu wa macho; jinyooshe kidogo, kisha endelea kusoma.

Mkuu wa nchi hiyo anaitwa Mlezi wa Taifa. Zamani aliitwa Rais, lakini wataalamu waligundua kwamba rais huwa na muda wake, mlezi hana. Sisi tulikaa katika mji mdogo uliopitiwa na Mto Lwaze. Mwaka mmoja mto ule ulihamishwa kikazi. Barua ya uhamisho ilibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata: kuanzia mwezi unaofuata, Mto Lwaze utahudumu katika shamba la maua la shemeji yake Mlezi, na wananchi wanaombwa kuutakia heri katika kituo chake kipya. Tuliutakia heri. Mwenyekiti wa mtaa alisoma hotuba ya kuuaga, na kabla hajafika ukurasa wa pili mto ulikuwa umeshaondoka.

Likabaki bonde la mawe. Maji ya bomba yakawa yanatoka Jumanne na Ijumaa kwa saa moja, na Ijumaa nyingine yanapata udhuru. Hatukulalamika. Aliyelalamika ni Mlezi mwenyewe, ambaye alipita juu kwa ndege, akachungulia, akaona bonde halipendezi. Wiki hiyo hiyo Wizara ya Mandhari ikatangaza kwamba ndani ya bonde itajengwa Bustani ya Taifa ya Michezo ya Maji, "ili wananchi wasije wakasahau maji yanafananaje."

Mimi niliajiriwa pale kupaka mawe rangi.

*

Mkurugenzi wa Mandhari alikuwa Dakta Lugendo, mtu mpole, msafi, aliyekaa ng'ambo miaka tisa akisomea sura za vitu. Shingoni alining'iniza kadi ya rangi yenye vijirangi mia na ushei, na kila alichokutana nacho alikipima: ukuta, anga, chai kabla hajainywa. Siku ya kwanza aliipima miamba ya mto, iliyokuwa pale tangu dunia iumbwe, akatikisa kichwa.

"Haya mawe hayana ubora."

Fundi Chambuso, msimamizi wetu, mzee aliyejenga nusu ya mji, alivua kofia. "Dakta, jiwe lina kosa gani?"

"Halifanani na jiwe."

"Ni jiwe lakini."

"Fundi, sijasema si jiwe. Nimesema halifanani. Mgeni akija anataka kuona jiwe kama analolijua yeye. Sasa hili jeusi, hili jekundu, hili lina tumbo. Kila moja limejiamulia."

Basi likaja tingatinga, likayasomba mawe yote kwenda kutupwa nyuma ya soko, na sisi tukaanza kutengeneza mawe mahali pale pale. Unasuka nondo, unazivisha waya wa kuku, unapiga saruji kwa mwiko, na kabla haijakauka unaikandamiza kwa mfuko wa plastiki uliofinyangwa ili ipate ngozi. Ikikauka, kijivu. Juu ya kijivu unamwaga nyeusi nyepesi, inachuruzika yenyewe na kutafuta mikunjo. Nyeusi hiyo huzimuliwa kwa maji. Kwa kuwa bustani ya maji haikuwa na maji, tulitumia rangi ya mafuta na kuizimua kwa mafuta ya taa, na jioni tulirudi makwetu tunanuka kama taa za chemli.

Tulitengeneza mawe mia tatu na arobaini, yote kijivu namba kumi na sita. Fundi Chambuso alipenda kuyagonga kwa kidole, yanalia kama debe.

"Binti," aliniambia, "siku moja kiongozi atachoka, atakaa juu ya hili, tutamtafuta ndani."

"Fundi, punguza sauti."

"Nimesema kiongozi. Sijasema yupi. Wako wengi wazito."

*

Kikubwa kuliko vyote kilikuwa Mamba wa Amani. Huyu ndiye mtelezo wenyewe. Mtu anapanda ngazi hadi kwenye mkia ulioinuliwa angani, anaingia kwenye tundu, anateremka ndani ya tumbo akizungushwa mara tatu, kisha mdomo unamtema bwawani. Mdomo ulikaa juu ya sakafu ya bwawa kwa urefu wa watu wawili waliobebana mabegani, maana bwawa likijaa, maji yangemfika mamba kidevuni. Urefu wa mkia ulipangwa na Wizara ya Mambo ya Nje. Nchi jirani walikuwa na mtelezo, na wetu ulitakiwa kuuzidi.

Kamati ya Ubora wa Mandhari ilikuja mara nne kwa ajili ya meno tu. Mara ya kwanza walisema meno ni makali, yatatisha wawekezaji. Tukampa mamba tabasamu. Mara ya pili mjumbe mmoja mama aliinua macho, akaona kwamba mbele ya mamba, ng'ambo ya bwawa, imesimama picha kubwa ya Mlezi wa Taifa. Akanyamaza. Na wenzake wakatazama mamba, wakatazama picha, wakanyamaza.

"Mnaona tatizo?" akauliza Dakta Lugendo.

"Hatuoni tatizo," wakajibu kwa haraka wote saba, "ila lirekebishwe."

Ikachukua wiki tatu kurekebisha tatizo ambalo hakuna aliyekubali kulitaja. Mwishowe likaandikwa azimio: mamba atatabasamu kwa kiwango cha wastani, macho yakitazama pembeni.

*

Sasa nimseme dada yangu, kwa sababu yote haya yalikuja kumwangukia yeye.

Anaitwa Restituta. Mama alipofariki mimi nilikuwa darasa la nne, naye Resti akaacha mambo yake, akaanza kusuka watu nywele pale uwanjani kwetu, amesimama kutoka asubuhi hadi jua linapopoa, ili mimi nifike la saba. Yeye ndiye aliyenilea. Neno lenyewe la mtu anayefanya kazi hiyo tulikatazwa kulitumia kwa mtu mwingine, hivyo tulimwita dada tu.

Siku moja aliniletea makande kazini. Dakta Lugendo alikuwa anapita. Akasimama, akamwekea dada kadi ya rangi shavuni.

"Kahawia namba tisa," alisema. "Inaendana na mamba."

Baada ya siku mbili ikaja barua. Dada yangu ameteuliwa kuwa Mtelezaji wa Kwanza wa Taifa. Siku ya uzinduzi atateleza mbele ya Mlezi. Ndani kulikuwa na fomu yenye vijisanduku viwili: Nakubali, na Nakubali kwa Furaha. Dada alitia alama kwenye cha kwanza. Wakamrudishia na nusu ukurasa wa kueleza furaha imekwenda wapi.

"Dada, utaweza?" nilimuuliza.

"Kuteleza? We mtoto, nimesimama miaka kumi na moja nasuka. Mtu akiniambia kaa chini, jiachie, nitakataaje?"

Mafunzo yake yalifanyika ukumbini, juu ya meza iliyopakwa sabuni. Kuogelea alifundishwa kwa maelezo.

*

Ikabaki bwawa. Kamati ilikuwa inakuja kwa ukaguzi wa mwisho, na bwawa lilikuwa shimo la saruji.

"Kamati haiwezi kukagua kitu kisicho na sura," Dakta Lugendo aliniambia. "Wewe una mkono mtulivu. Lipake maji."

"Nilipake bluu, Dakta?"

"Sijasema bluu. Nimesema maji."

Mimi maji ya kiasi kile sikuwa nimeyaona tangu Lwaze upate uhamisho. Nikachota karai la Jumanne, nikaliweka uani juani, nikakaa mbele yake. Nilikaa siku tatu. Maji hayana bluu yao, yanaazima. Jua likiyapiga, linatandaza chini nyuzi za mwanga kama wavu, nyuzi zinaungana na kukatika, wala hazirudii mchoro uliopita. Kwenye ukingo ni mepesi, ukienda katikati yanatia kiza.

Siku ya tatu Dada Resti alinisimamia na taulo begani. "Umemaliza kuyaangalia? Nataka kuoga."

"Bado kidogo, dada."

"Tangu juzi nanuka mafuta ya vichwa vya watu. Nipe, uje uyaangalie yakiwa mgongoni kwangu."

Nilipaka siku kumi na moja, nimepiga magoti. Nyuzi za mwanga nilizichora kwa brashi ndogo ya katani, moja moja, na chini yake nikatandika kijani kibichi kilichofifia. Nilipomaliza nikapanda juu kuangalia, na mwenyewe nikahisi koo limepata baridi. Mlinzi wa geti, aliyeniona nikipaka kila siku na kunisalimia nikiwa nimekaa pale chini na makopo yangu, alianza kuzunguka bwawa badala ya kukatisha katikati.

Fundi Chambuso alitazama muda mrefu. Hakutania. "Binti," alisema, "hii kazi ni nzuri mno. Mimi ningeiharibu kidogo."

Sikuiharibu. Nilikuwa naiona nzuri.

Kamati ikaja na fomu. Rangi ya maji: mia. Utulivu wa maji: mia. Usafi wa maji: mia. Palikuwa na mstari wa kina cha maji. Mjumbe mmoja akainama ukingoni, akasema anasikia kizunguzungu, wakaandika mia. Swali la kama maji yapo halikuwamo. Cheti kikapelekwa kwa Mlezi, akakisaini, na tangu saa hiyo bwawa letu lilikuwa limejaa kisheria.

*

Lakini maji ya kweli yangekuja. Dakta Lugendo aliniapia. Nchi ile ina malori kumi na mawili ya maji yanayofuatana na Mlezi kila anakokwenda. Akizindua bomba, malori yanajaza tangi, bomba linatoka, watu wanapiga makofi, kisha tangi linafyonzwa na msafara unaendelea. Maji yale yale yameshazindua visima arobaini na hospitali mbili. Ni maji yenye uzoefu.

Siku ya uzinduzi watu walijaa tangu asubuhi. Dada Resti alivishwa gauni la magamba ya plastiki, akapandishwa ngazi hadi mkiani, akaketishwa pale juu kama kuku aliyewekwa juu ya kabati. Nyuma yake alisimama kijana wa suti, Ofisa wa Mteremko. Saa nne na nusu wakasema msafara umeonekana. Nikatazama barabara. Niliona pikipiki, magari meusi, gari la wagonjwa, gari la kiti chake. Lori la maji sikuona hata moja.

Nikamkimbilia Dakta Lugendo. "Dakta, malori yako wapi?"

"Nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Nyuma ya msafara, binti. Yalitakiwa yatangulie, lakini nani atapita mbele ya Mlezi? Utaratibu hauruhusu. Mlezi amefika, na maji yatafika baada yake kwa heshima zote."

"Basi tusubiri."

"Mlezi hasubiri. Ratiba yake hapa ni dakika kumi na moja."

"Dakta, dada yangu yuko juu. Bwawa ni kavu."

Alinitazama kwa huruma kabisa. "Kavu kwa mujibu wa nani?"

"Kwa mujibu wa mguu wangu. Nimesimama mle asubuhi."

"Mguu wako una cheti?"

Nikautazama mguu wenyewe.

"Bwawa lina cheti," alisema taratibu, kama anayembembeleza mtoto. "Kimesainiwa. Mimi nikisema leo ni kavu, nitakuwa nimesema nani amesaini uongo? Wewe umefika darasa la ngapi?"

"La saba."

"Basi hesabu hiyo unaiweza." Akaenda kupanga mstari wa wapokeaji.

*

Mlezi wa Taifa aliketi. Bendi ikapiga. Nilipunga mikono kwa dada. Naye akapunga, akacheka, akidhani namtakia heri. Nikapiga kelele, matarumbeta yakazimeza. Nikawaza: hawa watu wakiona kwa macho yao kwamba mtu anasimama mle na halowi, itakuwaje waendelee? Nikavua ndara, nikashuka ngazi za bwawa, nikatembea hadi katikati.

Bendi ilikatika kipande kipande, ngoma ikawa ya mwisho kunyamaza.

"Ni kavu!" nikasema. "Jamani, ni rangi! Mnaniona?"

Waliniona. Bibi mmoja mbele akapiga magoti. "Anatembea juu ya maji," akasema. Mwingine akadakia, na neno likapita kwa watu kama moto kwenye nyasi, vigelegele vikapanda. Mshereheshaji alinyakua kipaza sauti. "Mheshimiwa Mlezi, wananchi wako wanatembea juu ya maji!"

Mlezi wa Taifa aliinuka. Alinitazama, akatazama bwawa, akaridhika. "Maji yametii," alisema. Watu wakapiga makofi mpaka vumbi likainuka. "Haya. Huyo wa juu naye ashuke."

Dada pekee ndiye aliyeelewa. Toka juu kule aliona vumbi miguuni kwangu. Alishika kingo za lile tundu kwa mikono miwili, na mikono ya msusi ina nguvu. Ofisa wa Mteremko ilibidi apige magoti nyuma yake ambandue kidole kimoja kimoja. Kila kidole alisema, "Samahani, dada." Nilimwona akisema mara nane. Viwili vya mwisho viliachia vyenyewe.

Nikakimbilia chini ya mdomo. Fundi Chambuso alikuwa anashuka ngazi na turubai, anachechemea, anatukana wazi wazi bila kutaja jina. Nikasikia mwili wa dada unavyozunguka tumboni mwa mamba, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, gauni linakwaruza, maana mtelezo nao ulikuwa mkavu. Nikanyoosha mikono.

Nilimdaka nusu. Nusu ya juu. Nusu ya chini ilifika sakafuni kabla yangu, na mguu wa kulia ulitoa mlio ambao bendi haikuwa inapiga chochote cha kuuficha.

"Ametua!" akasema mshereheshaji.

Mlezi wa Taifa alipiga makofi ya wastani, akatazama saa, akaondoka. Gari la wagonjwa likaondoka naye, kwa kuwa lilikuwa lake, endapo ataugua.

*

Tulimpakia dada kwenye toroli la saruji, juu ya turubai, mimi na Fundi Chambuso. Mfupa ulikuwa umetoka nje chini ya goti. Njiani tulipishana na malori kumi na mawili yakienda bustani. Tulisogea pembeni yapite, tukasikia maji yanavyopigapiga ndani.

"Yale ndiyo?" akauliza dada, macho kafumba.

"Ndiyo, dada."

"Yananukia vizuri."

Baadaye nilisikia kwamba yalijaza bwawa hadi kwenye kidevu cha mamba, wapiga picha wakapiga picha kwa nusu saa, kisha yakafyonzwa kwenda kuzindua chuo cha uvuvi.

Hospitali ya wilaya tulipokelewa na Nesi Apolonia, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha na mikono laini. Aligusa vidole vya mguu wa dada, akakunja uso. "Vimeanza kupoa. Huu unyooshwe na kufungwa sasa hivi. Ukifika jioni hivi hivi, daktari ataukata." Akavuta fomu. "Stoo hainipi plasta bila chanzo cha ajali. Ilikuwaje?"

Kabla sijajibu, Dakta Lugendo aliingia, kasindikizwa na wanaume wawili ambao hawakutuambia majina. Walibaki mlangoni. Yeye alikuwa na bahasha, jasho linamtoka, ile kadi yake imegeukia mgongoni. Akatoa picha, ingali na unyevu.

"Nesi, hili ndilo bwawa leo. Unaona nini?"

"Maji," alisema Nesi Apolonia.

"Yamejaa?"

"Yamejaa."

"Basi mtu aliyeingia kwenye bwawa lililojaa, akatolewa ana madhara, kimempata nini?" Akaigonga picha kwa kidole. "Amezama. Andika amezama."

"Dakta, huyu anapumua."

"Sikuulizi anafanya nini sasa. Nauliza kilichompata."

Dada alifumbua jicho moja. "Mimi nimezama?"

"Marehemu anaombwa asiingilie mazungumzo," alisema Dakta Lugendo, bila kumtazama.

"Basi marehemu anaumwa mguu," alisema dada. "Tena sana."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani walicheka kidogo, wakawaona wale wawili mlangoni, wakaacha. Nesi Apolonia aliishika kalamu juu ya fomu bila kuandika. Aliniita pembeni, akanong'ona. "Mwanangu, nikiandika amezama, kompyuta ya stoo inanipa shuka jeupe na lebo ya maiti ya kufunga kidole gumba cha mguu. Plasta hainipi. Aliyezama hafungwi plasta."

"Na ukiandika ameanguka kwenye bwawa kavu?"

"Mimi sikuwepo. Anayejaza ni aliyemleta." Akanisukumia fomu na kalamu.

Dakta Lugendo alikuja upande wangu. Sauti yake ilikuwa ndogo, na nadhani alikuwa ananihurumia kweli. "Binti, fikiri. Ukiandika kavu, umesema cheti ni cha uongo. Mwenye saini unamjua. Mimi sitaweza kukusaidia. Lile bwawa ndiyo kazi bora niliyoona nchi hii. Nilikuwa nakupeleka makao makuu, ukapake maziwa mawili na bahari."

"Na dada?"

"Atazikwa kwa heshima za taifa. Mtelezaji wa Kwanza."

Nilimtazama dada. Midomo ilikuwa imekauka, ule utani umekwisha, amebaki ananitazama kama alivyokuwa ananitazama ninapochelewa kurudi kutoka shule. Alitikisa kichwa kunikataza. Nikainamia fomu. Mwandiko wangu ni mkubwa, sikuweza kuubana kwenye mstari mmoja, nikaandika hadi pembeni:

Bwawa lilikuwa kavu. Maji niliyachora mimi. Dada yangu alisukumwa akavunjika mguu, na yuko hai.

Nikaweka jina langu lote na la baba.

Nesi Apolonia alisoma mara mbili. Aligonga mhuri kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akamkabidhi mtu wa stoo, plasta ikaletwa, mabunda sita, makavu kama chaki. Akafungua bomba la ukutani. Likakoroma, likanyamaza.

"Plasta haishiki bila maji," alisema, akiwageukia watu wa wodini. "Nani ana maji hapa?"

Mwanzoni hakuna aliyejitikisa. Kisha mzee wa kitanda cha dirishani, aliyefungwa bandeji kichwani, alitoa chupa chini ya mto, akanywa funda moja, akamimina yaliyobaki kwenye bakuli la chuma. Mama mwenye mtoto mgongoni akamimina nusu ya yake. Mwingine akaleta kikombe. Fundi Chambuso alizunguka na lile bakuli kitanda kwa kitanda kama anayekusanya sadaka, hatanii, anasema asante, asante mama, asante kaka. Dakta Lugendo alikuwa na chupa ndogo ya maji kwenye mkoba wake. Aliitazama, akafunga mkoba, akatoka.

Nesi alichovya bunda la kwanza. "Nani atamshikia mguu? Asiyeogopa."

Wale wawili mlangoni wakaniita kwa jina langu lote, kama nilivyoliandika.

"Nakuja," niliwaambia. "Namshikia dada mguu kwanza."

Wakatazama saa zao. Wakatazama ule mfupa. Wakasubiri.